Wasomaji Wanauliza: Mwizi Amekamatwa, Sasa Tumpeleke Wapi?

Tangu tulipochapisha barua ya msomaji aliyetobolewa ukuta usiku umeme ulipokatika, mkoba wetu umejaa habari za wezi. Zimetoka katika komini, yaani wilaya, za jiji letu la Lubumbashi, hapa Kongo: Katuba, Ruashi, Kampemba, Annexe, na Kenya (komini yetu, si ile nchi ya pwani). Nyingine zilikuwa hasira tupu, nasi hatukuona faida ya kuzichapa; tulizochagua ni zile zenye swali ambalo jibu lake laweza kumfaa na mtu mwingine. Majina tumeyaficha, na kila msomaji wa Lubumbashi anajua kwa nini.

Filimbi, masufuria na tairi

*Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mama wa watoto watano, ninakaa Katuba. Mtaani kwetu mwizi akiingia kwa mtu, mwenye nyumba anapiga filimbi, majirani wanajibu kwa filimbi na kwa kugonga masufuria, na vijana wanatoka. Mwezi uliopita walimkamata kijana akiwa amebeba televisheni ya jirani yangu. Kabla wazee hawajafika alikuwa amepigwa hata hawezi kusimama, na mtu alikuwa amekwisha kwenda kutafuta tairi. Shefu wa mtaa alimwokoa kwa shida, na sasa vijana wanamwita rafiki wa wezi. Wanasema wezi wakipelekwa polisi, baada ya wiki moja tunakutana nao sokoni wanatucheka. Wanasema pia kwamba serikali yenyewe imerudisha adhabu ya kifo kwa majambazi. Tuwajibu nini?*

Mama, mpelekee shefu wenu salamu zetu kwanza, kwa kuwa alilolifanya usiku ule linahitaji moyo kuliko kurusha jiwe ukiwa katikati ya watu mia.

Vijana wenu hawakukosea kumkamata mwizi. Dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959 juu ya mwenendo wa kesi za jinai, ambayo bado ndiyo inayotumika, inasema katika kifungu cha 6 kwamba mtu akifumaniwa katika kosa ambalo linaweza kumpeleka gerezani miaka mitatu au zaidi, na hapo hapana mwendesha mashtaka wala afisa wa upelelezi, yule tunayemwita OPJ, basi mtu yeyote anaweza kumshika na kumpeleka mara moja kwa aliye karibu zaidi kati ya hao. Wizi wa kawaida unaweza kumfunga mtu hadi miaka mitano, kwa hiyo umo ndani ya kifungu hicho. Lakini sheria imetaja mambo mawili tu, kushika na kupeleka, na katikati yake haikuweka fimbo wala tairi. Anayepiga amefungua kosa lake mwenyewe, na mwizi akifa, kosa hilo ni la kuua. Kifungu cha 17 cha Katiba kinasema kwamba hakuna anayeshtakiwa kwa tendo la mwingine, na maana yake ni kuwa hakuna kesi ya "mtaa": usiku wote ni "sisi", lakini asubuhi, ndani ya PV, yaani maandishi rasmi ya polisi, kila mmoja anaandikwa kwa jina lake, na yule aliyekwenda kutafuta tairi naye ana ukurasa wake.

Kuhusu adhabu ya kifo, ni kweli kwamba mwezi Machi 2024 Wizara ya Sheria iliondoa kusitishwa kwa utekelezaji wake kulikokuwapo tangu 2003, na waraka ule ulitaja pia ujambazi wa mijini unaosababisha vifo. Waraka huo uliandikwa kwa ajili ya watu waliokwisha kuhukumiwa na mahakama. Haukumpa kijana yeyote wa Katuba kazi ya hakimu, wala kazi ya mnyongaji.

Hata hivyo sipendi kuwajibu vijana kwa vifungu peke yake, maana hasira yao ina sababu, na mtu aliyeibiwa mara tatu hatulizwi na namba za sheria. Tutazame ile televisheni. Anayeibeba begani saa nane za usiku hana nia ya kwenda kuitazama kwake. Anajua atakapoifikisha kabla jua halijachomoza, na huko aendako kuna mtu mzima mwenye duka au ghala, anayelala vizuri, ambaye hajawahi kupigwa na mtu yeyote. Kuna pia aliyemwambia kwamba jirani yako amesafiri. Kijana yule akifa barabarani, majina hayo mawili yanakufa pamoja naye, na mwenye ghala atapata mbebaji mwingine kabla ya mwisho wa mwezi. Mimi nimeishi katika mtaa ambao watu wawili waliuawa hivyo katika msimu mmoja wa mvua, na wizi haukupungua hata kidogo.

Sasa kwa nini wanarudi? Tusidanganyane: wapo wanaotoka kwa sababu pesa imepita mkononi mwa mtu. Lakini wapo wengi zaidi wanaotoka kwa sababu faili lao ni tupu. Umati unamtupa mwizi mbele ya kituo, unashangilia, unarudi kulala. Hakuna aliyebaki kueleza alichokiona. Mwenye televisheni ameichukua akarudi nayo nyumbani, kwa hofu kwamba ikiingia kituoni haitatoka. Basi OPJ ana mtu mwenye majeraha, hana mlalamikaji, hana shahidi, hana kitu kilichoibwa. Na Katiba, katika kifungu cha 18, inampa saa 48 tu, ambazo zikiisha ni lazima amwachilie au amfikishe mbele ya mamlaka ya mahakama. Hata OPJ mwaminifu kuliko wote hawezi kujenga kesi kwa kelele za masufuria.

Kwa hiyo, Mama, wakubaliane mapema, mchana, watu watatu watakaomsindikiza mwizi kila atakapokamatwa: mwenye mali, mmoja aliyemwona kwa macho yake, na mmoja anayeandika vizuri. Usiku uleule wabaki kituoni hadi maelezo yao yaandikwe na kusomwa mbele yao. Televisheni ipigwe picha, namba iliyo nyuma yake iandikwe katika PV, na mwenye mali aombe karatasi ya kuonyesha kwamba imepokelewa. Faili likipanda parke, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, linapewa namba ya RMP, ile ya rejista yao. Namba hiyo muiandike, shefu awe nayo, na baada ya siku chache mtu aende kuuliza limefika wapi. Mwenye mali anaweza pia kudai fidia mbele ya mahakama. Faili lenye mlalamikaji, mashahidi wawili na namba inayojulikana na avenyu nzima si rahisi kuliuza. Atakayetaka kuliuza atalazimika kuwaeleza watu wengi mno.

Sare mlangoni

*Ninauza unga Ruashi. Wiki mbili zilizopita, saa nane za usiku, watu waligonga wakisema ni polisi, wanatafuta silaha. Kupitia tundu la dirisha niliona sare. Mume wangu yuko Kasumbalesa kikazi, nami nilikuwa na watoto tu. Nilifungua. Walichukua dola zote za likelemba, ule mchango wetu wa kupeana kwa zamu, nilizokuwa nimezipokea siku ileile, wakaondoka bila hata kugusa redio. Nilikosea? Na polisi wa kweli nitawatambuaje?*

Pole sana, Mama. Wewe na watoto mko hai, na hilo ndilo la kwanza.

Kifungu cha 29 cha Katiba kinasema makao ya mtu hayaingiliwi, wala hayapekuliwi, ila kwa namna na masharti yaliyowekwa na sheria. Kwa hiyo una haki ya kubaki nyuma ya mlango uliofungwa na kusema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani: "Nimewasikia, ninamwita shefu wa mtaa, aje ndipo nifungue." Uliza jina la anayeongoza na kituo wanachotoka. Polisi aliyekuja kwa kazi halali atakasirika, pengine atatukana, lakini dakika kumi za kumngojea shefu hazimharibii kitu. Mwizi hana dakika kumi. Namba ya simu ya mkuu wa kituo chenu ichukueni mchana, kwa utulivu, mkaiandike ukutani nyuma ya mlango, kwa sababu usiku vidole vinatetemeka na simu inaishiwa moto.

Sare yenyewe haithibitishi chochote. Inaweza kuazimwa au kununuliwa, na mara nyingine aliyeivaa ni mwenye sare kweli. Ikiwa una sababu ya kuamini hivyo, ujue kwamba Katiba, kifungu cha 156, inawaweka wanajeshi na polisi chini ya mahakama za kijeshi, kwa hiyo malalamiko yako yapelekwe kwa oditora, yaani ofisi ya mashtaka ya kijeshi, hata kama kituo cha mtaani kinasitasita kukuandikia.

Ila wakianza kuvunja mlango, na wana silaha, usishindane nao. Toa wanachotaka, watoto walale chini, usiwamulike usoni, usimwite kwa jina hata unayemfahamu. Kumbuka tu: sauti, lugha, kiatu, jinsi walivyoitana. Wakishaondoka, usifagie na usiokote maganda ya risasi kabla wapelelezi hawajafika.

Sasa nirudi kwenye jambo lililonikera zaidi katika barua yako, nalo ni ile redio. Mwizi asiyejua anachokitafuta hubeba redio, hubeba sufuria, hubeba hata ndala za watoto. Hawa walikuja kwa dola, siku ya dola, kwenye chumba chenye dola. Likelemba ni jambo jema, mama zetu wamejenga nyumba kwa likelemba, lakini zamu ya kila mtu inajulikana na wanachama wote, na waume zao, na vijana wanaowasaidia sokoni. Simtuhumu mwanachama yeyote. Habari hutoka hata kwa furaha tu, mtu akijisifu kwamba kesho anapokea. Shaurianeni mgawe pesa asubuhi badala ya jioni, ili anayepokea apate mchana mzima wa kuzitumia: ziende kwa muuza saruji, ziende ada ya shule, ziende benki au kwenye simu, chochote, ilimradi jua lisizame zikiwa chini ya godoro. Na utakapoandikisha malalamiko, mwambie OPJ jambo hilo la redio. Ni habari yenye uzito kuliko rangi ya sare.

Kikundi chetu cha doria

*Sisi ni vijana kumi na wanane wa Kampemba. Tumechoka kungoja patroli ya polisi, tumeunda kikundi chetu. Tunakusanya franka kidogo kila nyumba kwa ajili ya betri za tochi na chai. Wengine wanataka tufunge barabara kuanzia saa nne za usiku na kumkagua kila anayepita. Inaruhusiwa?*

Kukesha kwa zamu, kuwa na tochi na filimbi, kumsindikiza mgonjwa au mama anayetoka kwenye kazi ya usiku, hayo ni ujirani, na sioni wa kuwazuia. Kufunga barabara ni jambo jingine. Kukagua vitambulisho vya watu na kupekua mifuko yao ni kazi ya dola, na siku ya kwanza mtakapomwambia mpita njia "toa kitu upite", ninyi wenyewe mtakuwa mmekuwa habari ya gazeti hili. Kuhusu silaha, Katiba haina utani: kifungu cha 190 kinapiga marufuku kuunda vikosi vya kijeshi, wanamgambo wa binafsi, au kudumisha vijana wenye silaha, na kinaliita kosa hilo uhaini mkubwa. Panga likiingia katika kikundi, kikundi kimekwisha. Jiji hili lina kumbukumbu yake: wenye umri wanaukumbuka Machi 2013, wapiganaji wa Bakata Katanga, kundi lililotaka Katanga ijitenge, walipoingia hadi katikati ya mji, na tangu hapo kundi lolote la vijana wanaotembea usiku kwa safu linatazamwa kwa jicho la wasiwasi, pengine hata kwa mtutu.

Kwa hiyo andikeni majina yenu yote kumi na wanane, mpeleke nakala kwa shefu wa mtaa, nakala kwa komini na nakala kwa mkuu wa kituo, mkieleza mtakesha wapi na saa ngapi. Michango iandikwe katika daftari ambalo mama yeyote anaweza kuomba kuliona, na asiyechanga asinyimwe msaada. Ombeni pia mkutano wa mara kwa mara kati ya wakazi na polisi. Mabaraza ya usalama wa karibu yalijaribiwa kwanza Bukavu, Matadi na Kananga, na wazo lake halikuwa gumu: polisi, komini na wakazi wanakaa meza moja na kutaja kwa jina kona yenye giza, kilabu cha pombe kinachosumbua, nyumba iliyohamwa ambayo watu wanajificha ndani yake. Mkikutana mara moja, polisi anayepita usiku atawatambua kwa sura, na hilo pekee linaweza kuwaokoa risasi.

Simu ya bei nafuu

*Mimi ni manseba, pikipiki yangu inafanya kazi kati ya Kenya na mjini. Abiria mmoja aliniuzia simu nzuri kwa bei ya chini, akisema ana mgonjwa. Baada ya siku chache nilikamatwa nayo. Sikuiba kitu. Kosa langu ni lipi?*

Ndugu yangu, mgonjwa huyo ninamfahamu, ameuza simu nyingi katika jiji hili.

Sheria ya jinai inaadhibu pia anayepokea na kuficha mali ya wizi, na swali ambalo mwendesha mashtaka atakuuliza ni kama ulijua au ulipaswa kushuku. Bei ya chini kupita kiasi, simu isiyo na boksi wala karatasi, muuzaji asiye na anwani: kila moja ya hizo inakuzungumzia vibaya. Mtaje aliyekuuzia, saa, mahali ulipompakia na ulipomshusha, na kama manseba wenzako walimwona, waje waseme. Siku nyingine, ukinunua simu iliyokwisha kutumika, mwambie muuzaji abonyeze *#06# mbele yako, andika IMEI inayotokea, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, na muandikiane karatasi yenye jina na namba ya kitambulisho chake. Aliyeiba hatakubali, naye atakuwa amekuokolea pesa yako.

Na kwa wote walioibiwa, namba hiyo ya IMEI iandikeni leo, kabla ya kuibiwa, kwenye daftari la nyumbani. Bila hiyo PV inasema "simu nyeusi", na simu nyeusi ziko maelfu pale Marché Kenya. Simu ikishachukuliwa, azima nyingine upesi upigie kampuni yako ifunge laini na akaunti ya pesa, kwa kuwa mwizi wa siku hizi hutafuta M-Pesa au Airtel Money kabla ya kutafuta mnunuzi, na wengi wetu tumeweka mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri. Mtaniuliza juu ya ile tozo ya RAM, rejista ya serikali ya simu za mkononi, iliyokatwa kwenye salio letu kuanzia 2020 na kufutwa 2022, ambayo tuliambiwa ingepambana na simu za wizi na za bandia. Tulilipa, ndiyo. Daftari la nyumbani ni bure.

Kaka yangu yuko kasho (mahabusu)

*Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alichukuliwa katika msako, yeye na vijana wengine wa avenyu, kwa sababu walikutwa nje baada ya saa tatu usiku. Leo ni siku ya tano. Wanatuambia tulipe ndipo atoke, na kila siku bei inapanda. Hatujui ameshtakiwa nini.*

Dada, hapa sheria iko wazi kuliko katika barua zote zilizotangulia, na ni vizuri uikariri kabla ya kurudi huko. Kifungu cha 18 cha Katiba kinataka kila anayekamatwa aelezwe sababu mara moja, na isipite saa 24, katika lugha anayoielewa. Kinampa haki ya kuwasiliana mara hiyo na familia yake au wakili wake. Na kinaweka mwisho wa saa 48 za kushikiliwa na polisi. Siku ya tano haina jina katika Katiba. Kukutwa nje usiku, peke yake, si wizi.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Iko faini halali ambayo OPJ anaweza kumpendekezea mtuhumiwa katika makosa madogo, ili kesi isiende mbele. Lakini faini hiyo inaingia hazina ya serikali, inatajiwa kosa, na inatolewa risiti. Pesa inayopanda bei kila siku na isiyo na karatasi si faini. Na kuandikisha malalamiko au kutolewa kasho baada ya saa 48 hakulipiwi.

Nenda parke, usiende peke yako, ukiwa na karatasi uliyoandika tarehe na saa aliyokamatwa, mahali, kituo alipo, na majina ya waliokuwapo. Waendesha mashtaka ndio wanaosimamia kazi ya OPJ, na wana wajibu wa kukagua kasho; mara nyingi kinachowakosesha ni mtu wa kuwaambia waanzie wapi. Kama huna uwezo wa wakili, mabaraza ya mawakili nchini yana ofisi za ushauri wa bure, uliza ya hapa Lubumbashi iko wapi. Zungumza kwa heshima, usipige kelele, usimtukane mtu, na usiache kumpelekea kaka yako chakula, kwa kuwa wanaomletea chakula ndio mashahidi kwamba bado yumo.

Najua utanijibu kwamba kulipa ni haraka. Ni haraka kwelikweli, na sitakuhukumu ukishindwa kungoja. Ila polisi aliyelipwa kwa fundi asiye na kosa hatakuwa na sababu ya kumtafuta mwizi kesho, maana mafundi ni wengi na hawakimbii.

Barua kutoka Kasapa

*Ni kuhusu rafiki yangu, mwanafunzi. Alishikwa na wanaume wawili alipokuwa akirudi jioni kutoka masomoni, wakamfanyia ubaya. Ni jana. Anaona aibu, anataka kuoga na kunyamaza. Familia ya mmoja wao imekwisha tuma watu kuzungumza.*

Tulikujibu siku ileile kwa simu, na tunachapisha jibu hili kwa ajili ya wengine. Hospitali kwanza, kabla ya kituo cha polisi, na kabla ya mkutano wowote wa familia. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora. Dawa ya kuzuia mimba hutolewa hadi siku tano. Akiweza kungoja kuoga, angoje. Nguo alizovaa ziwekwe katika mfuko wa karatasi, zisifuliwe. Aombe cheti cha daktari na abaki na nakala.

Wale wajumbe wa familia muwarudishe. Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji na ukatili wa kijinsia zinasema kwamba kosa hili halimalizwi kwa faini ya OPJ, kwamba uchunguzi wake usizidi mwezi mmoja, na hukumu itolewe ndani ya miezi mitatu tangu mamlaka ya mahakama ilipopokea kesi. Najua si kila mara inakuwa hivyo. Lakini mbuzi na bahasha ya dola si sehemu ya sheria hiyo, hata vikiletwa na mzee mwenye mvi. Umwambie rafiki yako kwamba kurudi kutoka masomoni jioni si kosa alilolifanya.

Mwembe wa Mzee wa Bel-Air

*Watoto wangu wanataka niukate mwembe ulio karibu na lango, wakisema wezi wanaupanda kuruka ukuta. Niliupanda mwaka tulipohamia hapa. Mnashaurije?*

Mzee wetu, usiukate. Ondoa matawi ya chini hadi urefu wa mtu aliyenyoosha mkono, na lile tawi moja linalolala juu ya ukuta, na zamu wako, yule mlinzi, asilale chini yake bali upande wa pili, anakoweza kuliona lango lote. Ile michongoma ya nje ndiyo ikatwe ifike kiunoni, maana mtu hujificha ndani yake akikungoja ufungue lango, na hapo mwembe hauna hatia. Maembe yakiiva, ofisi yetu haijahama.